Afya ya Nyumba Zetu: Mume Naye Apimwe



Mwezi huu tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo aghlabu husemwa kwa kunong'ona, nalo ni kukosa mtoto katika nyumba iliyofungwa kwa ndoa ya halali. Ukurasa huu husomwa na baba na mama na vijana wetu pia, kwa hivyo tumejitahidi kuchunga maneno yetu. Lakini kuchunga maneno si kunyamaza. Kunyamaza kwetu kumekwisha kuvunja nyumba nyingi, na mara nyingi anayetoka na sanduku lake ni yule asiye na kosa.

Yapata mwaka na nusu sasa, baada ya swala ya Alasiri, alitujia barazani kijana mmoja tuliyemsomesha Kurani tangu alifu mpaka akahitimu. Alituamkia, tukamwitikia, akakaa kimya kitambo. Kisha akatoa mfukoni chupa ya vidonge, akasema, "Maalim, niombee dua. Hii ndiyo dawa ya mwisho. Ikishindwa, mama amesema nimwache mke wangu."

Tukaishika chupa ile tukaitazama. Ilikuwa imeandikwa kuwa ndani yake mna antioksidanti za kutia nguvu mbegu za uzazi, na mwuzaji alimwambia mume na mke wote wawili wazinywe. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya mshahara wake wa mwezi. Mkewe alikuwa na miaka 4 katika ndoa. Alikwisha kupimwa hospitali mara mbili asionekane na ila, na juu ya hayo alinyweshwa mizizi michungu ya kila namna, akafukizwa, akasemwa na mawifi mpaka akaacha kwenda arusini. Tukamwuliza kijana wetu, "Na wewe umepimwa?" Akatutazama kama mtu aliyetukanwa, akajibu, "Mimi, Maalim? Mimi nina nguvu zangu zote."

Jawabu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Nguvu za mume katika unyumba ni jambo moja, na uzima wa mbegu zake ni jambo jingine. Mtu aweza kuwa na nguvu za simba na maji yake yasiwe na mbegu hata moja, wala asijue, kwani hapati maumivu wala haoni dalili kwa macho. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2023 kuwa yapata mtu mmoja katika kila watu 6 hukutwa na shida ya kuchelewa au kukosa kuzaa katika umri wake. Na madaktari wanasema kuwa katika karibu nusu ya nyumba zenye shida hiyo, upande wa mume nao una sehemu yake, ama peke yake, ama pamoja na mke. Basi ni haki gani hii, kumpima mmoja na kumhukumu, na mwingine akakaa barazani akingoja habari?

Sisi si matabibu. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Lakini tulifuatana na kijana yule mpaka hospitali, tukamsikiliza daktari, na kila tusilolifahamu tukamwuliza mara mbili na tatu. Kisha tukasoma na kuuliza zaidi. Tuliyoyafahamu ndiyo haya.

Mbegu ya kiume ni seli ndogo mno yenye kichwa na mkia. Kichwani imebeba urithi wa baba, na mkia ndio wa kuogelea. Ili iwe nyepesi ya safari, imeacha nyuma karibu kila kitu ambacho seli nyingine huwa nacho, hata akiba ya kujitengeneza inapoharibika. Ngozi yake nyembamba imejengwa kwa mafuta laini sana, ya jinsi ile ile iliyomo katika mafuta ya samaki. Mama wa nyumbani watalifahamu jambo hili upesi kuliko sisi. Mafuta ya nazi hukaa muda mrefu katika chupa, lakini mafuta ya samaki yakipata hewa huchacha upesi na kunuka. Kuchacha huko ni kazi ya oksijeni, na oksijeni hiyo hiyo tunayoivuta ili tuishi, ikigeuka kuwa chembe kali ndani ya mwili, huichachisha ngozi ya mbegu, ikaupunguza mwendo wa mkia na kukata urithi uliomo kichwani.

Habari hii si ya jana. Mwaka 1943 mtaalamu mmoja wa Marekani, John MacLeod, alionyesha kuwa mbegu za mwanamume zikiwekwa penye oksijeni nyingi hupoteza mwendo wake, na kwamba kimeng'enya kiitwacho katalesi huzikinga. Nyuma yake, mwaka 1922, Herbert Evans na Katharine Bishop wa California walikuwa wamewalisha panya chakula kilichokosa kitu fulani, wakaona panya wale wanashika mimba lakini mimba hazikui. Kitu hicho kilichokosekana ndicho tunachokiita leo vitamini E, nayo ni mojawapo ya vitu vinavyozuia mafuta ya mwilini yasichache.

Vitu vya namna hiyo ndivyo viitwavyo antioksidanti. Mola Mwenye hekima hakuiacha mbegu bila ya mlinzi, kwani ameyajaza maji yanayoichukua. Vitamini C iliyomo katika maji hayo ni yapata mara kumi ya ile iliyomo katika damu, na mna zinki pia, na vimeng'enya vya kuzima zile chembe kali. Mtu anapovuta sigara au shisha, au anapokaa na maradhi ya njia ya mkojo bila kuyatibu, chembe kali huzidi na walinzi huelemewa.

Hapa ndipo wauza chupa walipopata mlango. Wamesema, ikiwa antioksidanti ni mlinzi, basi tuongeze walinzi. Maneno yao yanasikika kama ya akili, lakini yamepimwa, na matokeo yake yafaa yajulikane na kila mwenye kutaka kutoa fedha yake. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani lililofanywa kwa nyumba 2,370. Wanaume nusu walipewa zinki na asidi ya foliki kila siku kwa miezi 6, na nusu walipewa vidonge visivyo na dawa, wala hapana aliyejua amepewa nini. Katika waliopewa dawa, nyumba 404 zilipata mtoto, na katika wasiopewa, nyumba 416. Tena waliokunywa dawa walizidi kuumwa na tumbo, na urithi uliomo katika mbegu zao ulionekana umekatika zaidi kidogo. Mwaka huo huo jaribio jingine la wanaume 171, waliopewa vitamini C na E na seleni na vitu vinginevyo, nalo halikuonyesha faida.

Hatutaki kuzidisha wala kupunguza. Mwaka 2022 wataalamu waliokusanya majaribio 90 ya jambo hili walisema kuwa huenda dawa hizi zikawasaidia baadhi ya watu, lakini ushahidi wenyewe ni dhaifu. Na sababu moja ya kuwa na hadhari ni hii: mbegu yenyewe huhitaji kiasi kidogo cha zile chembe kali ili ipevuke na iweze kuliingia yai. Ni kama chumvi katika mchuzi, ikizidi haliki, na ikikosekana kabisa pia haliki. Mwenye kumeza chupa juu ya chupa bila kupimwa hajui kama anaongeza palipopungua au anazidisha palipotosha.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, nalo ndilo lililokuwa na siri ya kijana wetu. Seli za mwili hazifanyi kazi ovyo, hungoja amri. Amri hizo huletwa katika damu na vitu viitwavyo homoni. Homoni hupita kila mahali, lakini husikiwa tu na seli iliyo na kipokezi chake. Ni kama mtu anayeitwa kwa jina sokoni: sauti huwafikia wote, lakini anayegeuka ni mwenye jina. Chini ya ubongo mna tezi ndogo iitwayo pituitari, nayo hutuma homoni mbili mpaka kwenye korodani. Ya kwanza hupokewa na seli zilizoelezwa na Franz Leydig wa Ujerumani mwaka 1850, na hizo ndizo zinazotengeneza testosteroni, homoni ya kiume. Ya pili hupokewa na seli zilizoelezwa na Enrico Sertoli wa Italia mwaka 1865, na hizo ndizo zinazozilea mbegu changa mpaka zikue. Zikipata amri zote mbili, karakana hufanya kazi usiku na mchana. Tangu mbegu kuanza kutengenezwa hata ikawa tayari ni yapata miezi 3.

Ubongo nao una vipokezi vyake, navyo hupima testosteroni iliyomo katika damu. Ikipungua, ubongo huamrisha iongezwe. Ikizidi, ubongo hunyamaza. Hiyo ndiyo mizani aliyoiweka Muumba.

Daktari alipolitazama jibu la kipimo cha kijana wetu, hakuona mbegu hata moja. Akaamuru kipimo kirudiwe, na jibu likawa lile lile. Ndipo alipomwuliza kwa upole, "Je, unachoma sindano yoyote?" Kijana akainamisha kichwa. Tukatoka nje ili aseme kwa uhuru, lakini baadaye alitueleza mwenyewe, na ametupa ruhusa tuandike bila ya kumtaja, ili wenziwe wapate onyo. Kwa miaka 2 alikuwa akichoma sindano aliyopewa na wenziwe mahali wanapoinua vyuma, ili kifua kipanuke na mikono ijae. Hakujua jina lake. Alichoambiwa ni kuwa ni dawa ya uanaume.

Dawa hiyo ilikuwa testosteroni. Nayo ilipoingia katika damu kwa wingi, vipokezi vya ubongo vikaona imezidi, na tezi ikaacha kutuma zile amri mbili. Seli za korodani zikakaa na vipokezi vyake vitupu, zikingoja mwito usiokuja. Testosteroni ya sindano hujaza misuli, lakini haiwezi kushika mahali pa ile inayotengenezwa ndani ya korodani zenyewe, ambayo humo huwa ni nyingi mara nyingi kuliko ile ya katika damu, na bila ya wingi huo mbegu hazikui. Kwa nje mwili uliota misuli, na kwa ndani karakana ikafungwa.

Vijana wetu, tunakuombeni mlisikie neno hili. Mwaka 1990 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Ulimwenguni, ambamo wanaume 271 walichomwa testosteroni kila wiki. Zaidi ya nusu yao walifika mahali pa kutoonekana na mbegu hata moja katika muda wa miezi 6. Na utafiti ule ulikuwa wa nini? Ulikuwa wa kutafuta njia ya mwanamume kuzuia uzazi! Kile ambacho wataalamu walikipima kwa ajili ya kuzuia mtoto, ninyi mnakinunua kwa siri mkidhani mnaongeza uanaume.

Daktari alimwambia aache sindano ile, lakini aache chini ya uangalizi wake, kwani mwili uliozoea kuletewa haurudi kazini kwa siku moja. Alimweleza kuwa wengi hurudiwa na mbegu baada ya miezi kadhaa, baadhi yao huchukua mwaka au zaidi, na wapo wachache wasiorudi kama walivyokuwa. Na ile chupa ya antioksidanti? Daktari akasema kuwa hata angalikunywa chupa kumi, isingalimfaa kitu, kwani kumlinda asiyekuwapo si kazi. Mbegu zenyewe hazikuwapo.

Jioni ile kijana alituomba tumsindikize kwa mama yake. Tulikwenda, lakini maneno aliyasema mwenyewe. Alisema, "Mama, kasoro si ya mke wangu. Ni yangu, na nimejiletea kwa mkono wangu." Mama yake alinyamaza muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akamwita mkwewe kutoka uani, akamshika mikono miwili, akamtaka radhi mbele yetu. Tumeshuhudia mengi katika umri wetu, lakini hilo hatutalisahau.

Baada ya miezi 9 alipimwa tena, na mbegu zikaonekana, ingawa ni chache bado. Mpaka tunapoandika haya hawajapata mtoto. Lakini mke yumo nyumbani mwake, na hapana tena anayemnywesha mizizi.

Basi kwa faida ya wasomaji, haya ndiyo tunayoyausia. Ikiwa mume na mke wamekaa miezi 12 wakikutana kwa desturi bila ya kizuizi na mimba haikuonekana, waende hospitali pamoja, siku moja, mlango mmoja. Mke akiwa amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi 6. Kipimo cha mume ni chepesi kuliko vingi vya mke: hukaa siku 2 mpaka 7 bila kukutana na mkewe, kisha maji yake huangaliwa kwa darubini. Kwa hesabu ya mwaka 2021 ya Shirika la Afya Ulimwenguni, mbegu milioni 16 katika mililita moja ndiyo kipimo cha chini kinachotazamwa, na zinazokwenda ziwe si chini ya 42 katika kila 100. Aliye chini ya hapo si kwamba hazai kabisa, bali ana haja ya kutazamwa zaidi, na kipimo kirudiwe kabla ya kukata shauri. Anayeona haya namna ya kutoa maji hayo amweleze daktari, kwani mwenye ndoa aweza kuyapata kwa msaada wa mkewe bila ya kutoka katika stara, na lenye shaka la sharia awaulize masheikh wake.

Daktari atatazama pia kama mishipa ya juu ya korodani imevimba, jambo linaloonekana kwa watu wengi na ambalo mara nyingine hutibika kwa kupasuliwa. Atauliza juu ya matubwitubwi yaliyompata mtu baada ya kubaleghe, na kisonono, na homa, na dawa anazotumia. Asifichwe kitu. Kumficha tabibu ni kuifungia dawa mlango.

Na nyumbani, mume aache tumbaku ya kila namna. Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa kuwa zinataka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 4 chini ya joto la ndani, basi asizibane wala kuzikalisha penye moto bila ya haja. Na antioksidanti azitafute sokoni katika kapu, si katika chupa: mapera na machungwa, mchicha, nyanya, karanga, mbegu za alizeti, na samaki. Vyakula hivi havina ahadi ya mtoto, wala hatuahidi, lakini vina siha ya mwili mzima na bei yake haivunji nyumba.

Mwisho, tunarudi kwa wazazi wetu wanaume na wanawake. Mwaka 2005 wataalamu wa Japani waliona juu ya mbegu kitu kinacholishika yai, na mwaka 2014 wataalamu wa Uingereza wakakiona kipokezi chake juu ya yai. Panya dume aliyekosa kile cha kwanza hakuzaa, na panya jike aliyekosa kile cha pili naye hakuzaa, ijapokuwa wote wawili walikuwa wazima kwa kuwatazama. Ikiwa mpaka katika kitu kisichoonekana kwa jicho Mola amefanya uzazi uwe wa wawili wanaopokeana, sisi tumepata wapi ruhusa ya kumtwisha lawama mmoja?

Katika Sura ya Shuura tumejulishwa kuwa mtoto ni kipawa cha Mwenyezi Mungu, humpa amtakaye wa kike au wa kiume au wote, na amtakaye humjaalia asizae, wala hapo hawakutajwa wake peke yao. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Nabii Zakaria aliomba hata katika uzee wake. Na Bibi Aisha, mama wa Waumini, hakuzaa, na hapana Mwislamu anayethubutu kusema kuwa hadhi yake ilipungua kwa hilo. Basi tuombe, na tujitibu, na kabla ya kuandika talaka kwa sababu ya mtoto, mume naye apimwe.

Wassalaam.